Mkuu wa Biro Akikuuliza: Programu ya Kununua au Programu Huria?

Siku moja utaitwa. Katika biro za Leta (serikali) hapa Lubumbashi, anayejua kuchomoa karatasi iliyokwama ndani ya printa ndiye anayegeuka mtaalamu wa teknolojia, apende asipende. Mimi niliingia kazini kama mpiga chapa, kwenye Olivetti ambayo herufi yake ya "e" ilikuwa inaruka juu ya mstari. Leo nina atelye ndogo Kamalondo na ninatunza ordinatere (kompyuta) za biro tatu za Leta. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nilichomoa karatasi.

Basi mkuu atakwambia: "Mama, kuna bwana amekuja na programu ya kampuni, safi kabisa. Lakini huyu stajeri wetu, kijana wa mafunzo, anasema tuweke Linux, eti ni bure. Tuandikie maoni, Ijumaa niyapate." Halafu atachukua koti lake aende mkutanoni. Linux ni mfumo unaokaa mahali pa Windows, nao ni programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa na kuibadilisha. Ninayoandika hapa ndiyo ninayofanya kati ya Jumatatu na hiyo Ijumaa.

Jumatatu: daftari, si ordinatere

Zunguka biro kwa biro. Kwa kila mashine andika umri wake, memori yake, mfumo uliomo, na mfumo huo ulitoka wapi. Hilo la mwisho ndilo linalowafanya watu watazame dirishani. Katika komini moja (serikali ya mtaa) nilihesabu mashine 27. Mbili zilikuwa zimekufa, moja ikibeba chungu cha maua. Nne zilikuwa na leseni ya kweli, kibandiko chake bado kinasomeka. Zile 21 zilizobaki, Windows na Office zake zote zilitoka kwenye kle moja (flashi ya USB), kle nyekundu ya kijana wa dukani aliyelipwa dola 5 kwa kila mashine.

Hapo utaona kwamba ubishi ulioitiwa siyo ubishi uliopo. Wakubwa wanazungumza kana kwamba wagombea ni wawili, programu ya kampuni na programu huria. Kwetu wako watatu, na huyo wa tatu ndiye aliyekalia kiti: kraki, yaani programu ya kampuni iliyonakiliwa bila leseni. Haimo katika bajeti wala haina barua ya uteuzi, lakini barua zote za komini zinaandikwa nayo.

Mweleze mkuu gharama ya kraki mkiwa wawili tu, mlango umefungwa, maana mbele ya watu atalazimika kukana. Aliyeweka kraki huzima masasisho, kwa sababu sasisho likiingia kraki inaweza kujulikana. Mashine inabaki na matundu yake miaka na miaka. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja baya la Windows. Mei 12 mwaka huohuo virusi inayoitwa WannaCry ikapita kwenye tundu lilelile, ikafunga mashine za hospitali za Uingereza na za ofisi katika nchi nyingi, ikidai malipo. Kiraka kilikuwapo tayari miezi miwili. Walioumia ni wale ambao hakikuwafikia.

Ugonjwa wetu wa kila siku ni mdogo kuliko huo, ila hauchoki: ile virusi ya kle inayoficha mafolda yako na kuacha vivuli vyake tu, ukibofya kivuli nacho kinazidi kuambukiza. Mwezi mmoja orodha ya mishahara ilipotea hivyo jioni ya mwisho kabla ya kupelekwa. Niliirudisha kwa amri ya mstari mmoja, attrib, mhasibu amesimama nyuma ya kiti changu anasali kwa sauti. Aliponiuliza ni muujiza gani, nikamwambia faili halikwenda popote, lilifunikwa tu. Hakuniamini. Alipendelea muujiza.

Jambo moja zaidi la Jumatatu. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida, na mashine nyingi za okazi (zilizokwisha kutumika) tunazopata haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazina kile kichipu cha usalama kinachodaiwa, TPM 2.0. Mashine hizo zitie alama ya msalaba kwenye daftari. Ukija kuweka Linux, anza nazo. Ni nzima kabisa, zimekataliwa mlangoni tu.

Jumanne: nani atafungua?

Sasa acha mashine, andika yale ambayo Leta haiwezi kupoteza. Rejista za kuzaliwa, za ndoa, za vifo. Kodi za soko. Orodha ya wafanyakazi. Mambo ya parseli (viwanja). Mbele ya kila moja andika swali hili: aliyetupa programu akifa, akihama, au tukigombana naye, nani atafungua?

Swali hili nililijifunza kwa vidole vyangu. Biro moja ya kodi za soko ilikuwa imenunua programu kwa kampuni ndogo. Ilifanya kazi vizuri, niseme ukweli: mama wa soko akija, jina lake linatokea, namba ya meza yake, alicholipa, deni lake. Ili ifunguke ilitaka kle ya kijani ichomekwe nyuma ya mashine. Siku ya kuhama biro, kle ikapotea. Tulipiga simu, namba haipo. Tulimtuma mtu kwenye anwani iliyo juu ya mkataba, akakuta nyumba ya lokateri (wapangaji) wanne na hakuna aliyewahi kusikia jina la kampuni.

Data zilikuwa palepale ndani ya diski. Faili nililiona kwa macho, megabaiti 300 na kitu. Nilipolifungua kwa programu ya kawaida likanionyesha takataka: vimraba, alama za maswali, herufi za nchi nisizozijua, na kila baada ya mistari kadhaa jina la mama mmoja likielea, zima kabisa, kisha takataka tena.

Tukachukua vitabu vya kitansi (risiti), zile nakala za buluu za karboni, tukaandika upya miaka sita. Wasichana wawili na mimi, wiki tisa. Kulikuwa na vitabu vilivyolowa mvua ya Januari, karboni imeyeyuka ikawa wingu. Wenye meza zilizokuwa humo wakadaiwa upya pesa ambazo labda walishalipa, na mama wa mboga hana pa kupeleka ubishi wa namna hiyo. Wiki tisa nimezisahau. Hilo la kina mama sijalisahau.

Usikimbilie kusema kosa ni la programu za kampuni. Kosa la kwanza lilikuwa letu: siku ya kununua hakuna aliyeuliza data zitatokaje. Na programu huria nayo inaweza kukufanyia hivyohivyo. Stajeri atakuandikia kitu kizuri, msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) wote uko wazi, halafu mwezi wa tatu anapata kazi kwenye mgodi Kolwezi. Msimbo upo, kila mtu ana haki ya kuusoma, na hakuna anayeweza kuusoma. Kwa hiyo swali la Jumanne waulize wote wawili, bwana wa kampuni na kijana wa Linux, kwa sauti ileile.

Jumatano: lokateri na mwenye karatasi

Mkuu wako atataka umweleze tofauti kwa maneno ya watu. Mimi ninatumia nyumba. Leseni ya kampuni ni kupanga. Unatoa garanti, unalipa mwezi, bayeri (mwenye nyumba) ndiye anayejua mabomba yamepita wapi, na akitaka kupandisha bei anakuarifu tu. Programu huria ni mtu aliyekuandikia karatasi: ingia, itumie kwa kazi yoyote, soma ramani ya kuta zake, vunja ukuta ukitaka, mpe na jirani nakala yake. Karatasi yenyewe ipo kweli, ni leseni, na mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi, GPL, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1989. Huwi mwenye hakimiliki, jina la mwandishi linabaki. Ila hakuna wa kukutoa. Na paa likivuja hakuna bayeri wa kumpigia simu. Unaita fundi, na fundi hali maneno.

Ndiyo maana neno "bure" nalifuta kwenye rasimu yoyote linapotokea. Badala yake nafanya hesabu ya miaka 5, hivi.

Ile komini ilikuwa na mashine 25 zilizo hai. Tuseme leseni inalipwa kwa mwezi, dola 10 kwa kila mtumiaji. Ni 250 kwa mwezi, 3,000 kwa mwaka, 15,000 kwa miaka 5. Upande wa pili leseni ni sifuri, lakini unahitaji fundi anayejua Linux, na hapa kwetu fundi huyo unamgombania na migodi. Tuseme dola 250 kwa mwezi, akija kila siku. Haya: 15,000 kwa miaka 5. Nilipoona zimelingana nilidhani nimekosea, nikaanza upya.

Kulingana huko ndiko kunakofundisha. Kwanza, aliyenunua leseni bado anahitaji fundi. Leseni haichomoi karatasi. Pili, dola 15,000 za upande mmoja zinaondoka, za upande mwingine zinakula bukari hapahapa mjini. Tatu, na hili ndilo ninaloliwekea mstari chini, komini hailipi kwa tarehe. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inazipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na komini nazo zina fungu lao humo. Kila mfanyakazi wa Leta anajua umbali uliopo kati ya kifungu na keshi. Fundi akicheleweshewa miezi miwili atanuna, lakini atakuja. Leseni ya mwezi ikicheleweshewa haijui kununa, inajizima.

Ongeza pia siku ya delestaji. Kama programu inakaa kwenye seva ya mbali, muulize muuzaji: umeme ukikatika tangu asubuhi, intaneti imelala, na baba amekuja na mtoto wa siku nne kuandikisha, tunafanyaje? Akijibu kwamba intaneti inazidi kuwa nzuri nchini, andika jibu hilo neno kwa neno kwenye ripoti yako, bila maoni.

Upande wa Linux nao usifiche ubaya wake. Weka wiki mbili za kila mtu kulalamika. Weka mafunzo. Nimeona sekretere mwenye miaka 20 kazini akilia, si mfano wa kusema, machozi kabisa, kwa sababu kitufe cha kuchapisha kilikuwa kimehama upande. Hakuwa mjinga. Menyu za Kifaransa alikuwa hazisomi, anajua mahali tu, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake gizani, na wewe umehamisha viti. Mkae naye. Kwa njia, haki hii ya kugusa programu ilishawahi kutumika kwa lugha yetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kwa sababu leseni iliruhusu kutafsiri. Kampuni ya kubembeleza haikuwapo.

Wakisema "Wazungu wanatumia nini?"

Watasema. Kuwa na majibu mawili ya Ulaya na moja la nyumbani.

La kwanza ni jandarmeri ya Ufaransa. Hawakuanza na Linux. Mwaka 2005 walibadilisha programu ya kuandikia peke yake, wakaweka OpenOffice juu ya Windows ileile. Wakafuata kivinjari na barua pepe. Askari walipozoea kilichoko juu, ndipo kuanzia 2008 wakaanza kuondoa Windows chini yake na kuweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mashine baada ya mashine, hadi makumi ya maelfu. Mtu alikaa asubuhi mbele ya mashine mpya akakuta vifungo vyake vya jana.

La pili ni jiji la Munich, Ujerumani, ambalo kila muuzaji wa kampuni atakutajia, kwa hiyo mtangulie. Baraza la jiji liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, kazi ikatangazwa kumalizika 2013 na mashine kama 15,000, halafu 2017 baraza lenyewe likapiga kura kurudi Windows. Wengine wanalaumu programu, wengine siasa za meya mpya, wengine jinsi idara za ordinatere zilivyokuwa zimegawanyika. Mimi sikuwa huko. Ninachoona kutoka hapa ni kwamba jiji lilikuwa limezungukwa na ofisi zinazotumia Office, na kila faili lililovuka mpaka lilikuwa na uwezekano wa kufika limevunjika mguu. Tena si mwisho wa habari: mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hukohuko, likatangaza kuhamishia LibreOffice, programu huria ya ofisi, mashine 30,000 hivi za watumishi wake.

La nyumbani ndilo linalowanyamazisha. Wenzetu wa afya, wanaotuma takwimu za malaria na chanjo kutoka kwenye zoni za afya, wanazituma kwenye DHIS2. Hiyo ni programu huria, inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Leta ya Kongo iko ndani ya programu huria zamani, ni vile tu biro ya jirani haijaambiwa.

Alhamisi: mtihani wa robo saa

Mwite bwana wa kampuni. Mpe maji ya baridi. Andaa majina 20 ya kubuni, na uyachague kwa ubaya: Félicité, mwenye alama juu ya herufi, mtu mwenye majina manne, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili, mwenye simu inayoanza na 099. Mwambie ayaingize mbele yako. Kisha mwambie: sasa yatoe yote, faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo programu yoyote inalisoma), weka kwenye kle hii. Wewe chukua kle, nenda kwenye mashine ambayo haina programu yake kabisa, fungua kwa LibreOffice.

Tazama mambo matatu. Félicité amebaki Félicité, au amekuwa "FÃ©licitÃ©"? Tarehe 3 Aprili haijageuka 4 Machi? Namba ya 099 haijapoteza sifuri yake ya mbele? Mtihani huu umewahi kunitolea jasho la bwana mmoja aliyevaa suti ya kijivu. Programu yake ilikuwa na picha nzuri, grafu za rangi, ramani. Kitufe cha kutoa data hakikuwapo. Akasema kitakuja katika toleo lijalo. Nikamwambia basi na sahihi yetu itakuja katika toleo hilo.

Akifaulu, mpe haki yake. Umempata mtu wa kuaminika, hata kama msimbo wake umefungwa.

Stajeri naye apewe mtihani wake, na ni mgumu zaidi. Mpe mashine tupu. Aandike hatua za kusakinisha programu yake kwenye karatasi, halafu atoke nje, aende kula. Wewe, au hata sekretere, mfuate karatasi. Mkikwama hatua ya 6, ujue programu hiyo inaishi kichwani mwake. Mrudishe aandike vizuri. Nilipomfanyia mmoja hivyo mara ya nne alikuwa ananichukia, lakini karatasi yake ndiyo tunayoitumia mpaka sasa, yeye mwenyewe yuko Likasi.

Stajeri akisema programu huria haiwezi kuingiliwa, mtulize. Aprili 2014 tundu la Heartbleed liligunduliwa ndani ya OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya intaneti, na lilikuwamo miaka miwili. Machi 2024 mtu alikutwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz, kitu kidogo cha kubana mafaili. Aliyegundua ni mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa nusu sekunde. Msimbo ungekuwa umefungwa asingeweza kufuata nusu sekunde hiyo hadi kwenye chanzo chake. Lakini ilibidi awepo mtu wa kushangaa. Wewe wa kwako ni nani?

Kuhusu mafaili ya kawaida, barua na majedwali, sina mtihani, nina agizo. Rasimu zikae katika ODF, muundo wa wazi wa mafaili ya ofisi, ambao tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300, na Uingereza iliuchagua mwaka 2014 kwa nyaraka ambazo ofisi za serikali zinaandika pamoja. Office inaufungua, LibreOffice inaufungua. Barua inayotoka nje ya komini itoke PDF. Hivyo tu, na ugomvi wa Munich unapungua nusu.

Mahali pa kununua bila aibu

Nisidhaniwe nimeingia dini. Printa ya kadi ambayo dereva yake (programu inayoiendesha) iko kwa Windows tu: weka Windows, ya leseni. Programu inayodaiwa na ngazi ya taifa: tumia hiyo, huna sauti. Mhasibu mwenye jedwali la Excel lililojaa makro (amri ndogo za kujiendesha) za miaka 11: mwache alipo, mnunulie leseni yake moja, usimguse. Makro hazihami salama, na mhasibu akikukasirikia utajuta kila mwisho wa mwezi. Kinyume chake, biro ya parseli ikikuomba programu ghali ya ramani, kwanza waonyeshe QGIS, programu huria ya ramani, kwa siku tatu. Mara nyingi maombi hayarudi.

Kwa hiyo jibu lako huenda likawa mchanganyiko. Ile komini ya mashine 27 iliishia hivi: mashine 5 za Windows zenye leseni, ikiwemo ya mhasibu, 20 za Linux, LibreOffice kwenye zote isipokuwa ya mhasibu. Kle nyekundu nimeinunua kwa yule kijana, ninayo.

Yale ya kuandika kwenye mkataba

Kama wanakwenda kwenye zabuni, sheria ya masoko ya umma ni namba 10/010 ya Aprili 27, 2010, na aliyesoma sheria ataandika vizuri kuliko mimi. Kazi yangu ni kuchungulia hati ya masharti na kufuta majina ya kampuni. Andika kazi inayotakiwa: "itunze rejista ya kuzaliwa, itafute kwa jina na kwa tarehe, itoe nakala." Ukiandika jina la programu ndani ya masharti, umeshanunua, zabuni iliyobaki ni mchezo.

Sentensi ninazoingiza mwenyewe ni hizi, na hata mwanasheria amezikubali:

"Data zote ni mali ya komini. Mtoa huduma atazitoa zote katika CSV kila baada ya miezi mitatu, na wakati wowote komini itakapoomba, bila malipo ya ziada."

"Programu iliyoandikwa kwa pesa za komini itakabidhiwa pamoja na msimbo wake na maelezo ya kuisakinisha. Malipo ya mwisho yatatolewa baada ya mfanyakazi wa komini kuisakinisha upya peke yake."

"Mtoa huduma atafundisha watu wawili." Wawili, si mmoja. Mmoja ataenda Kolwezi.

Hiyo ya malipo ya mwisho ndiyo yenye meno. Weka asilimia 30 nyuma yake. Muuzaji atalia kwamba haijawahi kutokea. Mpe maji mengine. Na kwa kuwa rejista zina majina ya watu, magonjwa, watoto, mwambie mwanasheria wenu apitie pia Kanuni ya Digitali, ile amri-sheria namba 23/010 ya Machi 13, 2023, kabla data haijakaa kwenye seva ya nje ya nchi.

Ijumaa

Usimpelekee mkuu kurasa 12. Ukurasa mmoja. Juu: mashine ngapi, zipi zina leseni. Usitaje neno kraki. Andika "mashine 21 ambazo leseni yake haikupatikana", ataelewa. Katikati: jedwali la rejista, na mbele ya kila moja jibu la "nani atafungua". Chini: hesabu mbili za miaka 5, na pendekezo lako la mistari mitatu. Ukiona huna uhakika, pendekeza majaribio ya miezi mitatu katika biro moja tu, ile yenye mkuu mvumilivu, si ile yenye mashine nzuri.

Toa nakala mbili. Moja ibaki kwa mkuu, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe isomeke, uondoke nayo. Bwana wa kampuni atarudi siku ambayo haupo, mkuu atabadilishwa, na mwaka ukipita atatokea mtu kuuliza nani alishauri nini. Zangu ziko kwenye kabati la atelye, chini ya ile Olivetti.